Shamba lenye virusi vya ngano: pesa ziende wapi?

Machi ikifika, mkulima wa Kansas, Marekani, huona viraka vya njano kwenye ngano yake, hasa bondeni ambako maji hutuama. Wengi hudhani ni njaa ya nitrojeni, wakakimbilia mbolea. Wiki chache baadaye joto hupanda, ngano ikarudi kijani, na mbolea ikapewa sifa isiyostahili. Chanzo halisi ni virusi vya mozaiki ya ngano vya udongoni, ambavyo hustawi kwenye baridi. Joto likija dalili hufifia zenyewe, lakini mavuno yameshapungua. Hakuna pesa inayopotea kijinga kama ya mbolea hiyo. Tazama jani changa kwa karibu: ukikuta michirizi ya kijani juu ya njano, peleka mche maabara kabla hujaenda dukani.

Anayesambaza virusi hivi ni Polymyxa graminis, kijidudu kisichoonekana kwa macho kinachoishi ndani ya mizizi. Udongo ukilowa, hutoa spora zenye mikia zinazoogelea mpaka kwenye mizizi michanga. Nyingine hulala ardhini miaka mingi zikiwa na virusi ndani, kwa hiyo kupumzisha ngano msimu mmoja au miwili hakusafishi shamba.

Dawa ya ukungu ya kupulizia majani ni hasara tupu. Kufukiza udongo kunasaidia, ila gharama yake inabebwa na mkulima wa stroberi, si wa ngano. Tena methili bromidi, dawa ya kufukizia, imebanwa na Itifaki ya Montreal kwa kuharibu ozoni. Kuchelewa kupanda hakugharimu senti, maana udongo ukishapoa maambukizi hupungua, lakini ngano huingia kwenye majira ya baridi ikiwa na machipukizi machache.

Inabaki mbegu. Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas huzipa aina za ngano alama kwa kila ugonjwa, kuanzia 1, yenye ukinzani mkubwa, hadi 9. Soma jedwali hilo kabla ya bei. Ukinzani haumwondoi Polymyxa shambani, kwa hiyo utaihitaji mbegu kinzani kila unapopanda ngano hapo. Kama una aina dhaifu unayoipenda, ipeleke mwinuko usiotuamisha maji.

Virusi hivi viliripotiwa pia Zambia mwaka 2000. Mkulima wa ngano katika nchi jirani na Zambia, muulize muuza mbegu kuhusu ukinzani kabla hujatoa pesa.