Turubai la kivuli: bei ya dukani siyo gharama yake

WAFANYABIASHARA wengi wanaoanza kukodisha magari ya kambi mjini Arusha huweka fedha zao kwanza kwenye injini, matairi na hema la juu ya gari. Turubai la kivuli, lile linalotandazwa ubavuni mwa gari au trela ili mgeni apate pa kukaa na kupikia, hununuliwa mwisho kwa fedha iliyobaki. Kumbe hicho ndicho kifaa ambacho mgeni hukaa chini yake mchana kutwa, na kikichanika huchanika porini, mbali na fundi.

Vifaa vya aina hii vilipata soko kubwa Ulaya na Afrika Kusini, ambako familia husafiri na karavani, yaani chumba chenye magurudumu kinachovutwa na gari. Afrika Mashariki karavani ni chache, lakini trela na magari ya aina ya Land Cruiser hutumia turubai la namna hiyo hiyo, na kanuni za kulichagua hazitofautiani sana.

Kipimo kwanza

Hasara ya kwanza hutokana na kununua kabla ya kupima. Turubai la karavani huwa na pindo lenye ugwe, ambao hupenyezwa katika mfereji wa aluminiamu uliozunguka ukingo wa paa. Kipimo chake siyo urefu wa karavani. Hupimwa kwa kamba inayoanzia chini upande wa mbele, ikapanda na kufuata mfereji hadi upande wa nyuma, kisha ikashuka mpaka ardhini. Karavani iwe imesimama mahali tambarare, na matairi yawe na upepo wa kutosha. Jumla hutajwa kwa sentimita, na watengenezaji wengi hugawa saizi zao kwa hatua za sentimita 25. Anayekosea hatua moja hupata turubai linalolegea au lisilofika chini.

Kwa gari lenye keria mambo ni mepesi zaidi, kwani turubai hufungwa kwa bolti na hukunjuliwa kutoka katika mfuko wake. Hapo cha kupima ni urefu wa keria, uzito ambao keria inaweza kubeba, na kama mlango wa nyuma utafunguka bila kugonga mabano.

Wanaoagiza karavani kuukuu waangalie pia mlango. Karavani za Uingereza kwa kawaida huwa na mlango upande wa kushoto, ambao kwa Tanzania na Kenya ni upande wa ukingo wa barabara. Zile za Ujerumani na nchi jirani zake huwa na mlango upande wa kulia, kwa hiyo hapa kwetu mgeni akishuka kando ya njia hukuta magari yanapita, na turubai la mlangoni haliwezi kutandazwa hapo.

Kitambaa ndicho mali

Sokoni kuna aina kubwa nne. Ya kwanza ni turubai la plastiki iliyofumwa, lile la buluu linalojulikana na kila mtu. Ni jepesi na la bei ndogo, lakini mionzi ya jua huikausha plastiki mpaka ikaanza kupukutika, hasa ikiwa haikutiwa dawa ya kuzuia mionzi.

Ya pili ni kitambaa cha polyester kilichopakwa PVC, kama cha kufunikia malori. Hakipitishi maji hata kidogo, na fundi wa turubai anaweza kukishona na kukiziba. Kasoro yake ni uzito, na kwamba hakipumui. Ukikizungushia kuta, usiku wa baridi kama wa ukingo wa Ngorongoro, mvuke wa pumzi na wa sufuria hugeuka matone ndani.

Ya tatu ni kanvasi ya pamba iliyochanganywa na polyester, inayotumika sana kwa mahema ya safari. Inapumua, chini yake kuna ubaridi, na nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba matundu. Ndiyo maana kanvasi mpya hulowanishwa na kukaushwa mara kadhaa kabla ya kuingia kazini. Adui yake ni ukungu.

Ya nne ni akriliki, ambayo rangi yake hutiwa katika malighafi kabla uzi haujatengenezwa. Haichujuki upesi juani, lakini bei yake huwa juu.

Kwa vitambaa vilivyopakwa, muuzaji huweza kutaja kipimo cha milimita, kwa mfano 3,000. Huo ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa hustahimili kabla hakijavuja. Namba kubwa ni nzuri, lakini haisemi lolote juu ya jua, na kwa hali ya hewa yetu jua huua turubai nyingi kabla ya mvua.

Jua na mvua

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini katika biashara hii asiyechagua hulipa mara mbili. Tuseme turubai limeinuliwa mita 2.5 na limetokeza mita 2.5 kutoka ubavuni mwa gari. Saa sita na saa saba mchana kivuli kiko chini yake barabara. Kuanzia kama saa tisa alasiri, jua likiwa limeshuka nusu ya njia, kivuli husogea kwa kiasi kile kile cha urefu wa nguzo, yaani mita 2.5. Kama turubai linatazama magharibi, kivuli chote huwa kimeangukia gari na mgeni anaungua. Dawa ni kununua ukuta mmoja wa pembeni, au kuegesha gari ili turubai litazame mashariki, na gari lenyewe liwe kivuli cha jioni.

Mvua nayo ina hesabu yake. Maji ya kina cha sentimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 10, yaani kilo 10. Yakikusanyika hivyo kwenye turubai la mita 6 za mraba, nguzo zinabeba kilo 60 zaidi. Kwa hiyo nguzo moja ya mbele ishushwe ili maji yapate njia. Nguzo za chuma ni nzito lakini imara, na za aluminiamu ni nyepesi. Ringi za kamba ziwe za shaba, ambazo hazishiki kutu.

Hesabu ya mwenye mali

Bei igawanywe kwa siku za kazi. Kwa mfano wa hesabu tu, turubai la Sh. 150,000 linalodumu msimu mmoja wa siku 60 linagharimu Sh. 2,500 kwa siku. La Sh. 900,000 linalodumu misimu minane, yaani siku 480, linagharimu Sh. 1,875. Hapo la ghali ndilo rahisi. Lakini likikunjwa bichi na kuoza baada ya misimu miwili, gharama yake inakuwa Sh. 7,500 kwa siku, mara tatu ya lile la plastiki. Asiye na mahali pa kuanika na mtu wa kusimamia kazi hiyo ni afadhali anunue la bei ya kati.

Anayeagiza nje akumbuke kwamba katika orodha ya forodha turubai na mahema yako kifungu cha 63.06, na karavani ziko 8716.10. Amwulize wakala wake kiwango cha kila kimoja kabla ya kutuma fedha, na asisahau VAT, ambayo kwa Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18.

Anayenunua kuukuu alitandaze lote juani na kulitazama kwa chini. Matundu ya sindano yataonekana yanang'aa. Avute kitambaa karibu na mshono kwa vidole viwili; kikitoa mlio wa kuchanika, aliache.

Mwisho ni mkataba wa kukodisha. Uandikwe kwamba mgeni atakunja turubai usiku na wakati wa upepo, kwani upepo ukiongezeka kasi mara mbili nguvu yake huongezeka mara nne. Likirudi limelowa, dhamana isirudishwe kabla halijaanikwa na kukaguliwa.