Fahamu: Wakala mpya wa bima Ruiru achague kampuni ipi?

Kwanza pata cheti cha umahiri wa bima, kisha leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima ya Kenya (IRA), ambayo huhuishwa kila mwaka.

Kamisheni ina kikomo kisheria: bima ya gari ni asilimia 10. Mteja wa Ruiru akilipa shilingi 30,000, unapata 3,000. Ushuru wa zuio wa asilimia 10 ukikatwa, unabaki na 2,700.

Kwa hiyo, usivutwe na ahadi za asilimia kubwa. Uliza kila kampuni: Kamisheni hulipwa lini? Fidia hulipwa upesi? Nikihama, wateja watakaohuisha bima watahesabiwa wangu?

Dai majibu kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.