Saratani ya Taya kwa Watoto: Uvimbe Usiosubiri

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya limfositi B, yaani aina ya chembechembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, na katika Afrika Mashariki huwapata zaidi watoto wadogo, mara nyingi ikianzia kwenye mfupa wa taya. Dalili za mwanzo hazitishi: magego ya utotoni hulegea bila kuoza, ufizi hufura, kisha shavu huvimba, na uvimbe ukiwa katika taya la juu huweza kulisukuma jicho hadi likatokeza nje. Kwa kuwa huonekana kama jipu la jino, ingawa mara nyingi hauna maumivu makali, wapo watoto wanaong'olewa meno kwanza, na siku zinazopotea hapo ni hasara kubwa, maana chembe za saratani hii huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1961 alisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini akiuliza hospitali baada ya hospitali iwapo watoto wa namna hiyo walionekana huko. Jibu lilikuwa la ajabu: uvimbe ulipatikana katika nchi za joto na mvua, lakini ulikuwa nadra kwenye nyanda za juu zenye baridi, kana kwamba ulifuata makazi ya mbu. Sampuli zilizosafirishwa kutoka Kampala hadi London ziliwawezesha Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong kutangaza mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hata hivyo kirusi hicho, ambacho karibu kila mtu hukipata na wengi hukipata utotoni, hakitoshi peke yake. Malaria ya mara kwa mara huzichochea limfositi kugawanyika mfululizo na hudhoofisha kinga inayokidhibiti kirusi. Katika mgawanyiko huo, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC huweza kuhamia kwenye kromosomu nyingine, aghalabu ya 14, na chembe ikakosa breki ya kuzuia kuzaliana.

Upasuaji hauponyi saratani hii, kwa kuwa huenda imeshafika tumboni au kwenye ubongo, bali tiba yake ni dawa za kemikali kama saiklofosfamaidi, ambazo huufanya uvimbe unywee kwa siku chache na huwaponya watoto wengi wanaowahi na kumaliza dozi zote. Mzazi anayeona meno ya mwanawe yakilegea na shavu likivimba hana budi kumfikisha hospitali kubwa mara moja, uvimbe ukachukuliwe kipimo kabla jino lolote halijang'olewa.