Kompyuta na Vyombo Vyake: Kwa Nini Vingine Hugoma

Mwalimu anayeweka mfumo wa Linux katika kompyuta kuukuu ya shule aghalabu hufurahi kwa nusu saa ya kwanza. Kioo chawaka, kibodi na kipanya vyatii. Kisha hutafuta intaneti isiyo na waya, akakuta kimya. Kadi ya redio imo ndani ya mashine, tena ni nzima. Jana tu ilifanya kazi chini ya mfumo mwingine. Basi lawama hutupiwa kadi, na pengine fedha za shule zikapotea kwa kununua nyingine.

Kila chombo kina lugha yake, na programu ijuayo lugha hiyo huitwa dereva. Pasipo dereva, gari zima husimama barabarani. Katika Linux, madereva wengi huja pamoja na kiini cha mfumo wenyewe.

Chombo cha USB kinapochomekwa, kompyuta hukiuliza ni nani, nacho hujibu kwa maelezo ya baiti 18. Humo mna namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, kila moja ya biti 16. Namba hizo zikioana na orodha ya mfumo, dereva huitwa mara moja. Mwanafunzi aweza kuziona kwa kuandika amri lsusb. Zimeandikwa kwa msingi wa 16: akikuta 03f0, na apige hesabu, 3×256 + 15×16, apate 1008, namba ya kampuni ya Hewlett-Packard. Amri dmesg nayo hufunua kumbukumbu za kiini, na huko ndiko chombo kilichogoma huacha malalamiko yake. Wachache husoma huko, ilhali jibu mara nyingi limekwisha kuandikwa.

Lakini lugha ya chombo isipojulikana? Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotangaza kazi yake mwaka 1991, aliiandikia vyombo alivyokuwa navyo mezani. Vilivyobaki viliongezwa na watu wengine, na baadhi ya watengenezaji walikataa kutoa maelezo. Chipu za redio za Broadcom ni mfano mashuhuri. Wajuzi waligawanyika makundi mawili: moja lilichunguza dereva wa kampuni na kuandika tabia za chipu, la pili, bila kumtazama dereva huyo, liliandika mpya kwa kufuata maandishi hayo tu, ili asiwepo wa kudai kwamba kazi imenakiliwa. Dereva huyo aliingia katika kiini mwaka 2006. Kampuni yenyewe ilitoa dereva wa wazi mwaka 2010, kwa baadhi ya chipu zake mpya.

Hata hivyo kikwazo kimoja kilibaki. Chipu hizo huhitaji programu yao ndogo ipakiwe kila mashine inapowashwa, nayo ni mali ya mtengenezaji. Debian, mojawapo ya matoleo makubwa ya Linux, ilianza mwaka 2023 kutia programu nyingi za namna hiyo katika diski yake ya kuwekea mfumo. Ile ya chipu za zamani za Broadcom yapaswa kuchukuliwa kutoka intaneti, na intaneti ndiyo hasa inayokosekana. Hivyo mwalimu huunga kompyuta kwa waya kwanza, au huazima intaneti ya simu kupitia USB, kwa dakika chache tu.