Mayai Yaliyofichwa Ndani ya Nyama ya Kombe

Mfungue kombe wa Manila aliyekomaa, yule anayefugwa kwenye matope ya pwani za China, Korea na hata Italia, kisha utafute mayai yake. Utaona mguu, matamvua, misuli miwili inayofunga gamba, na katikati bonge la nyama lililofura, jeupe kama maziwa. Mayai yamo humo, mamilioni, lakini hakuna kisu kitakachoyatoa. Tezi ya uzazi ya kombe haina mfuko wake. Imejipenyeza katikati ya utumbo, ikaizunguka tezi ya kumeng'enyea chakula na kushuka mpaka ndani ya mguu. Kuitenga na nyama nyingine ni sawa na kutaka kulitoa tui kwenye wali wa nazi ulioiva. Hata ujike wenyewe hauonekani kwa macho, maana dume aliyejaa manii hufura vilevile. Tone moja chini ya hadubini ndilo linalotoa jibu.

Jambo hili si la udadisi wa maabara tu. Kila anayetaka kuweka kimo cha chini cha kombe wa kuvunwa, au kufunga eneo kwa miezi kadhaa, anahitaji kujua mambo mawili: jike wa kimo fulani ana mayai mangapi, na huyamwaga lini. Kombe mwenye urefu mara mbili ya mwenziwe, umbo likiwa lile lile, ana ujazo wa mwili mara nane. Tofauti ya mayai inaweza kuwa kubwa kwa kiasi hicho, na anayekadiria kwa jicho atakosea kwa kiasi hicho hicho.

Njia iliyozoeleka kwenye vituo vya kuzalisha vifaranga vya kombe ni kumlazimisha jike atage. Maji yake hupandishwa joto ghafla, yakashushwa, yakapandishwa tena. Akikataa, hudungwa sindano ya serotonini, kemikali ile ile inayopeleka ujumbe kwenye neva zetu. Mayai yakimwagika, hukorogwa sawasawa ndani ya maji, na mililita moja huwekwa kwenye kioo chenye mistari na kuhesabiwa chini ya hadubini. Kwa mfugaji hesabu hiyo inatosha. Kwa mwanasayansi haitoshi, kwa sababu kombe hatagi mayai yote kwa mkupuo. Hutoa sehemu leo, sehemu baada ya majuma, na mengine huyanyonya mwenyewe mwilini bila kuyatoa kamwe. Unachohesabu ni alichokubali kukupa.

Wengine hupima uzito wa nyama kavu wakilinganisha na gamba. Ni rahisi na ni nafuu, ila kombe mnono si lazima awe na mayai. Huenda amejaza glikojeni, akiba yake ya nguvu. Zaidi ya hizo kuna histolojia: nyama huhifadhiwa kwa dawa, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba vya mikroni tano hadi saba na kutiwa rangi. Mimi naipenda njia hii kuliko zote kwa jambo moja, kwamba inakuonyesha yai lenyewe na hatua ya ukuaji iliyofikia, na kama kuna vimelea unaviona papo hapo. Lakini kipande chembamba hakisemi mwili mzima una mayai mangapi. Kinakupa picha, hesabu inabaki kukisiwa.

Suluhisho lilitoka upande ambao wavuvi wasingeutarajia. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walitangaza kipimo cha ELISA, ambacho baadaye kilipata umaarufu kwa kupima maambukizi ya VVU. Msingi wake ni kwamba kingamwili hushika protini moja na kuziacha nyingine. Yai la kombe limejaa protini ambazo misuli na matamvua hayana. Ukipata kingamwili inayozitambua, huna haja tena ya kuyatoa mayai kwenye nyama. Unaisaga nyama yote na kuiacha kingamwili itafute.

Kazi huanza kwa sungura. Mayai safi hukusanywa kutoka kwa majike waliokomaa, huoshwa, na protini zake hudungwa kwa sungura mara kadhaa mpaka damu yake itengeneze kingamwili. Seramu ya damu hiyo haiaminiwi hivi hivi. Huchanganywa kwanza na nyama ya kombe asiye na mayai, ili kingamwili zinazoshika ovyo zinase huko na kuondolewa. Kisha hujaribiwa kwa nyama ya dume. Ikiishika, haifai, na kazi inarudi mwanzo.

Baada ya hapo kombe anayepimwa hukaushwa kwa baridi, husagwa unga, na protini zake huyeyushwa. Matone yake huingizwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, protini zikaganda ukutani usiku kucha ndani ya jokofu. Asubuhi sahani huoshwa, hutiwa seramu ya sungura, huoshwa tena, kisha hutiwa kingamwili za mbuzi zilizotengenezwa kuishika kingamwili ya sungura na zilizobebeshwa kimeng'enya. Tone la mwisho ni kemikali isiyo na rangi. Palipo na protini ya yai, kimeng'enya huigeuza njano. Kishimo cha jike aliyejaa hukolea haraka. Cha dume hubaki kama maji. Mashine husoma ukali wa njano hiyo kwenye nanomita 405 na kuulinganisha na vishimo vilivyotiwa kiasi kinachojulikana cha protini ya yai. Uzito wa mayai ukishapatikana, hugawanywa kwa uzito wa yai moja.

Kwang-Sik Choi na wenzake walichapisha mwaka 1993 matumizi ya kipimo hiki kwa chaza wa Marekani. Mwaka 2004 Kyung-Il Park na Choi wakakihamishia kwa kombe wa Manila nchini Korea, na miaka miwili baadaye wakakitumia kuchunguza jinsi kimelea Perkinsus olseni kinavyoathiri uzazi wake. Swali hilo la pili ndilo lililonishawishi. Kimelea kisichoua upesi huweza kuiba uzazi wa kombe kimyakimya, akabaki hai, akavunwa, akaliwa, na hakuna aliyejua kuwa kizazi kijacho kimepungua.

Kipimo kina upungufu wake. Hakitofautishi yai bivu na changa lililokwisha kujaza protini, kwa hiyo histolojia haiwezi kustaafu; hizi mbili zinafaa kwenda pamoja. Tena kila spishi inahitaji seramu yake. Ya kombe wa Manila haituhakikishii lolote kwa kombe wetu wa Afrika Mashariki, Anadara antiquata, ambaye wanawake wa pwani humwokota kwenye mchanga na majani ya bahari maji yanapokupwa wakati wa bamvua.

Lakini sungura tunao, na mashine za kusoma sahani zimo katika maabara nyingi za hospitali na vyuo vyetu. Sehemu ngumu ni sampuli: kombe wa kila kimo, kila mwezi, mwaka mzima, kutoka ufuko ule ule. Anayeweza kuzileta ni mwokotaji mwenyewe. Basi taasisi zinazopanga kufunga maeneo na kuweka vimo vya chini zianze naye, zimlipe kwa sampuli hizo kama zinavyomlipa mtaalamu wa maabara, na zisitangaze kimo chochote kabla hesabu ya mayai haijarudi mezani.