Bukari ya koleo kwa mtu wa mashine



Kwenye dispanseri tunapokea wanaume wengi wenye tumbo kubwa na tansio ya juu. Tukiwaambia wapunguze uzito, wanacheka: "Munganga, unataka watu waseme niko mgonjwa?" Neno hilo lina uzito wake. Kwetu Lubumbashi mtu akinenepa, watu wanasema mshahara unafika nyumbani na bibi anapika vizuri. Akikonda, majirani wanaanza kunong'ona. Kwa sababu hiyo wengine wanabaki na tumbo mpaka siku mkono na mguu wa upande mmoja vinakataa kazi.

Mafuta ya tumbo yanapandisha tansio, yanaita ugonjwa wa sukari, yanachosha magoti. Na tansio haiumi. Unaweza kuwa nayo miaka bila kujua. Chukueni mita ya mshonaji, mpime tumbo kwenye usawa wa kitovu, bila kulivuta ndani (tunawajua!). Mwanaume akipita sentimita 94, au mwanamke asiye na mimba akipita 80, aje tumpime tansio na sukari.

Uzito huu unatoka wapi? Shaba ya Kalukuluku ilipoanza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, kazi nyingi ilikuwa ya mikono: sururu, koleo, kusukuma mabehewa. Union Minière ilikuwa inatoa posho ya unga, na mtu aliyeshinda akipiga koleo aliimaliza yote kwa jasho. Leo mjukuu wake anakaa kwenye kiti cha kamyo kubwa posti nzima, mikono kwenye usukani. Lakini bukari kwenye sahani ni ile ile ya babu.

Angalieni posti ya usiku, maana hapo ndipo uzito unapoingia kwa siri. Baba anakula na watoto jioni kabla ya kutoka. Katikati ya usiku anafungua kibakuli, sababu usingizi unamvuta. Asubuhi anarudi, mama kwa heshima amemwekea bukari ya moto na samaki, anakula, analala papo hapo. Hiyo ni milo mitatu mizito bila mwendo wo wote. Afadhali mlo mkubwa uwe ule wa kabla ya kazi. Usiku ale kidogo, kama maharagwe au yai na tunda. Asubuhi uji mwepesi, kisha usingizi. Mama ndiye anayeshika mwiko, kwa hiyo bila yeye jambo hili halifanyiki. Amtengee baba sahani yake, apunguze tonge mbili au tatu, aongeze lengalenga au sombe. Mafuta yapimwe kwa kijiko: kijiko kikubwa kimoja kina karibu kalori 120, na mkono unaomwaga kutoka chupani hauhesabu.

Bia nayo ni chakula. Chupa moja kubwa ina karibu kalori 300, sawa na gramu 80 hivi za unga wa mahindi. Sijaona mtu aliyekunywa chupa tatu akapunguza bukari yake.

Wengine wanatafuta njia ya haraka: kufunga kabisa, kunywa dawa za kuharisha, kujifunga plastiki ili kutoa jasho. Jasho ni maji, na yatarudi na kikombe cha kwanza. Na mtu mwenye njaa anayeshuka chini ya ardhi anaweza kupata kizunguzungu na kuhatarisha wenzake. Nusu kilo kwa juma inatosha.

Tabia mpya inashika ikifungwa kwenye jambo unalolifanya tayari. Ukivua viatu vya kazi, vaa vile vya kutembea kabla hujakaa. Ukishuka basi, shuka mapema kidogo, umalize kwa miguu. Dakika 30, siku 5 kwa juma, mwendo wa mtu anayechelewa. Ukikosa siku moja, endelea kesho yake bila kujilipisha kwa njaa.

Jipime mara moja kwa juma, siku ile ile, kabla ya kula, uandike kwenye kalenda ya ukutani. Baada ya miezi michache mizani inaweza kusimama. Wengi wanaachia hapo. Mwili mdogo unatumia chakula kidogo, ndiyo sababu. Ongeza mwendo kidogo au ondoa tonge moja, na ungoje. Anayekunywa dawa ya tansio asiiache kwa sababu amepungua. Sisi ndio tutakaomwambia.

Na majirani? Mwambieni anayeuliza: natembea kila siku, nimepunguza mafuta. Lakini kama kilo zinashuka bila wewe kufanya lo lote, au una kikohozi cha majuma mawili, homa za usiku, kiu na mkojo mwingi, usingoje juma la kupima. Njoo dispanseri kesho asubuhi.