Ruzuku ya ujenzi imekubaliwa, lakini pesa hazijaingia: jinsi ya kuzidai

Siku barua ya mfadhili ilipofika kwamba ombi letu la kujenga madarasa matatu ya chuo limekubaliwa, tulisoma dua, tukanywa kahawa na halua. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Ukurasa wa tatu wa ile barua, ulioeleza pesa zitalipwa vipi, hakuna aliyeusoma, na wa kwanza kutousoma ni mimi. Miezi saba baadaye kuta zilikuwa zimesimama bila paa, masika yameingia, watoto wanasomeshwa kwenye baraza ya msikiti. Bibi mmoja aliyetoa shilingi 500 za vitumbua vyake akanisimamisha njiani mbele za watu: "Mwanangu, zile pesa za chuo ziko wapi?" Sikuwa nimekula hata senti. Lakini sikuwa na karatasi ya kumuonyesha.

Tangu hapo kamati kadhaa huku Pwani zimeniuliza tulivyojinasua, basi na niandike mara moja.

Ruzuku ya mradi wa ujenzi ni pesa za kitu kitakachobaki: jengo, kisima, tangi la maji, mashine ya zahanati. Barua ya kukubaliwa ni ahadi tu. Pesa zenyewe hutoka kwa mojawapo ya njia tatu. Wako wanaotanguliza fungu la kwanza, kisha hawatoi la pili mpaka muonyeshe la kwanza limetumikaje. Wako wanaolipa kila kazi ikifika hatua fulani na mtaalamu akaithibitisha. Na wako wanaotaka mlipe kwanza nyinyi, wao warudishe baadaye. Hawa wa mwisho ndio wanaotutoa jasho sisi, maana kikundi kilicho na akiba ya kujenga madarasa kingeomba msaada wa nini? Ukiona sharti hilo, uliza kabla ya kutia saini: je, mnaweza kututangulizia kiasi, au kumlipa mkandarasi moja kwa moja? Wengi hukubali wakiombwa mapema. Ukishaanza kukopa simiti kwenye duka la hadwea, umechelewa.

Kabla ya dai la kwanza kuna karatasi ambazo zikikosekana hakuna kinachosonga. Cheti cha kikundi kiwe hakijaisha muda, na jina lililo kwenye cheti, kwenye akaunti ya benki na kwenye barua liwe moja, herufi kwa herufi. Kikundi kilichosajiliwa kama "Wanawake" na akaunti ikaandikwa "Women" kitazungushwa. Kubwa zaidi ni ardhi. Huku kwetu tunajenga kwa mdomo: mzee fulani alitoa kiwanja, kila mtu anajua. Mfadhili hamjui huyo mzee, wala wajukuu wake watakaokuja kudai. Atataka hatimiliki, au mkataba wa kukodi wa miaka mingi, na kiwanja kikiwa ni wakfu, karatasi zake kutoka Tume ya Wakf. Anzeni hapo, kwa sababu ardhi ndiyo huchukua muda mrefu kuliko yote.

Sasa dai lenyewe. Chukulia mfano wa mfadhili anayelipa kwa hatua. Msanifu majengo au mhandisi huja kupima kazi iliyofanyika akilinganisha na BQ, ile orodha ya kazi na bei zake, kisha hutoa hati ya malipo. Tuseme hati ya kwanza ilisema kazi imefika shilingi 900,000. Asilimia 10 hushikiliwa kama dhamana ya kasoro, yaani 90,000, mkalipa 810,000. Hati ya pili inasema kazi tangu mwanzo imefika 1,500,000. Toa asilimia 10, zabaki 1,350,000. Toa zile 810,000 zilizokwishalipwa, zabaki 540,000. Hizo ndizo za kulipwa safari hii. Kama mfadhili aliahidi asilimia 80 na nyinyi 20, dai lako kwake ni 432,000, na 108,000 mtatafuta wenyewe. Sisi tulidai 1,500,000 nzima kwa kuwa ndiyo namba tuliyoiona chini ya karatasi. Likarudishwa.

Lakini halikurudishwa kwa hilo pekee. Mchanga na kokoto tulinunua kwa dereva wa lori, na risiti yake ilikuwa ukurasa uliochanwa daftarini. Ankara ya mabati ilitoka kwa jina la mwalimu mkuu wa chuo kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda dukani. Fundi alilipwa taslimu kila Alhamisi, pesa nimezitoa benki mimi mwenyewe. Kazi yote ilifanyika kweli, na hakuna hata moja tuliloweza kulithibitisha.

Kwa hivyo: ankara iandikwe jina la kikundi, iwe na tarehe, maelezo ya kitu, idadi na bei. Tangu 2024 KRA inataka ankara za biashara zipitie eTIMS, na wafadhili wengi nao sasa huitaka hiyo, basi mwambie mwenye duka kabla hujapakia mzigo. Lipa kwa hundi, kwa benki au kwa M-Pesa ya kikundi, ili kila ankara iwe na mstari wake kwenye taarifa ya benki. Vibarua wasio na ankara waandikwe kwenye karatasi ya malipo: jina, namba ya kitambulisho, siku alizofanya kazi, kiasi, sahihi. Na mchango wenu, hata ule wa msaragambo, uandikwe vivyo hivyo kila siku. Kuna wafadhili wanaouhesabu kama sehemu ya asilimia 20 yenu, lakini ushahidi wa kukumbuka baada ya miezi sita hawaupokei.

Kodi ya VAT nayo tuliisahau. BQ yenu ikiwa ni 2,400,000 kabla ya VAT, asilimia 16 ni 384,000 nyingine. Barua isiposema kwamba ruzuku inaifunika, hiyo ni juu yenu, na kwa kawaida kikundi kidogo hakina pa kuirudisha.

Kitu kingine kilichotuponza: tulibadilisha mabati membamba kwa mazito, pesa tukazitoa kwenye fungu la choo. Uamuzi ulikuwa mzuri, ukiuliza upepo wetu wa kusi. Lakini pesa za fungu moja haziendi lingine bila ruhusa ya maandishi, na ruhusa huombwa kabla ya kununua. Barua pepe ya mistari mitatu ingetosha.

Tulikaa siku kumi na moja kibarazani kwangu, makamu mwenyekiti, katibu na mimi, tukizipanga karatasi upya kwa namba: dai mbele, hati ya mhandisi, ankara, uthibitisho wa malipo, picha zenye tarehe, muhtasari wa kikao. Dereva wa lori akatuandikia ankara ya haki. Choo tukakichangia wenyewe. Nakala za kila kitu zikabaki kwetu, kwa sababu tuliyemtumia mwanzo alikuwa amezipoteza baadhi.

Pesa za paa ziliingia wiki ya tano. Zile zilizoshikiliwa bado: zitatoka miezi sita baada ya jengo kukabidhiwa, mhandisi akirudi kukagua nyufa, na barua yetu ina tarehe ya mwisho ambayo ikipita pesa hupotea. Nimeiandika ukutani, juu ya meza ninayoandikia haya. Nakala ya hesabu nimempelekea yule bibi. Hasomi, lakini mjukuu wake alimsomea, na aliuliza swali moja tu: kwa nini mchanga ulikuwa ghali hivyo.